Jioni ya Diouana: muvi ya 1966 inayotuhusu sisi tunaosindikiza dada zetu Arabuni

Kuna muvi moja ya zamani nimeiangalia mara tatu mwaka huu na kila ikiisha nakaa kwanza kimya kabla sijainuka. Ni ya saa moja hivi tu, haina rangi, haina ngumi wala bunduki, na sehemu kubwa inachezwa ndani ya fleti moja yenye kuta nyeupe. Inaitwa La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegal, ilitoka mwaka 1966, na wengi wanaihesabu kama filamu ndefu ya kwanza ya Mwafrika wa kusini mwa Sahara. Mwaka huohuo ikapata tuzo ya Jean Vigo kule Ufaransa na ikabeba tuzo kubwa ya tamasha la Carthage, Tunisia, ambalo ndo kwanza lilikuwa linaanza. Sifa anastahili, ila mi sijaja kuongelea sifa. Nataka kuongelea kitu kimoja ambacho naona watu wakiichambua hii muvi wanakipita haraka, nacho ni jioni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Diouana ni binti wa uswahilini Dakar, hajui kusoma wala kuandika, anazunguka kwenye majengo ya wazungu mlango kwa mlango kuuliza kazi, anafungiwa. Mwisho anaenda kukaa kwenye kona ya barabara ambako wanawake wanaotafuta kazi za ndani wanasubiri kuchaguliwa. Anatokea mama mmoja Mfaransa, wenzake wote wanainuka wanamkimbilia, kila mtu mimi mimi, Diouana anabaki amekaa palepale, na yule mama (ambae muvi nzima hana jina zaidi ya Madame) anamnyooshea kidole yeye. Kazi ni kulea watoto. Diouana anarudi mtaani anakimbia, anatangaza kwa kila mtu kwamba amepata kazi kwa wazungu. Baadae ile familia inaenda zake Ufaransa, wanamwita awafuate Antibes, mji wa pwani wa watu wenye hela zao, anapanda meli kapendeza kabisa, akijua anaenda kulea watoto walewale na kuiona Ufaransa. Kufika hawaoni watoto. Anakabidhiwa jiko, nguo za kufua, sakafu ya kupiga deki, bafu la kusugua. Nje hatoki. Siku zinaenda zinarudi, na mwisho wake anajiua ndani ya bafu hilohilo alilokuwa anasugua.

Sembène hakulitoa hilo kichwani. Lilitokea kweli miaka ya mwisho ya 1950, likaandikwa kwenye gazeti la kusini mwa Ufaransa, habari fupi tu, yeye akaifanya hadithi fupi kwenye kitabu chake cha 1962 kisha akaifanya muvi. Na ndani ya muvi anakuonyesha ile habari, kipande kidogo cha gazeti, alafu watu wapo zao ufukweni wanaota jua.

Sasa nirudi kwenye jioni. Wengi nilioongea nao wanasema Madame alibadilika, kwamba Dakar alikuwa mwema, alimpa Diouana nguo zake za zamani na viatu, alimchekea, alafu kufika kwao akageuka mnyama. Mi naona Madame ni yuleyule. Alivyokuwa Dakar ndo alivyo Antibes, anaongea na Diouana kama mtu anaongea na kitu kilichopo ndani ya nyumba yake, na hata zile nguo alizotoa alizitoa kama unavyotoa kitu usichokitaka tena. Tofauti ni kwamba Dakar kulikuwa na jioni. Kazi ikiisha Diouana anatoka, anatembea kwa miguu kurudi kwao, anapita watu anaowajua, anamkuta mama yake, anamkuta yule kijana wake wanapiga stori, na kama Madame alimkera mchana basi jioni kuna pa kwenda kusema "leo yule mama kaniudhi" na mtu akamjibu pole au akamcheka, yote sawa, ila kuna mtu amesikia. Mtu wa hali ya chini anaweza kuvumilia mengi sana kwa bosi kwa sababu kila siku kuna saa inafika ambayo bosi hayupo. Ile saa ndo inamrudisha kuwa mtoto wa fulani, mchumba wa fulani, jirani wa fulani.

Kuvuka mpaka wa nchi ndo kulimnyang'anya hiyo saa. Tabaka halikuanzia Antibes, lilikuwepo Dakar tena wazi kabisa, ile kona ya barabara ya kuchagulia wafanyakazi ni tabaka tupu. Ila Dakar tabaka lilikuwa na mlango wa kutokea. Alipovuka bahari, mlango ule ukafungwa, akabaki na lile tabaka peke yake asubuhi, mchana na usiku, kwenye fleti ambayo hata kitanda anacholalia ni cha bosi. Kuna maneno anayasema kimoyomoyo kwamba kwake yeye Ufaransa ni jiko, sebule, bafu na chumba chake cha kulala, basi. Alivuka bahari nzima kuja kuona nchi akaishia kuona vyumba vinne.

Ndo maana ile seni ya gauni naisoma tofauti na wengi. Diouana anapiga deki akiwa amevaa gauni zuri, wigi kichwani, hereni, viatu vya kisigino. Madame anakereka, anamwambia avae aproni, siku nyingine anamkaripia kuhusu viatu, yani asisahau kwamba yeye ni mfanyakazi. Watu wakiiona wanasema ah binti alikuwa na ushamba wa kutaka kufanana na wazungu, wengine wanasema ni jeuri, anagoma kimyakimya. Labda. Lakini muangalie vizuri jinsi alivyovaa, hivyo ni vya kutokea. Mtu anavaa hivyo asubuhi kwa sababu anategemea leo, jioni, watamwambia haya twende ukaone mji. Kila asubuhi anavaa kwa ajili ya jioni ambayo haiji. Na siku anapovua viatu akabaki peku kwenye ile sakafu nyeupe, mi nikakumbuka kule Dakar alivyovua viatu akarukaruka peku juu ya mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi, amefurahi ameambiwa anaenda Ufaransa, mpaka yule kijana wake anamgombeza ashuke. Miguu ni ileile. Kule alivua mwenyewe kwa raha zake, huku anavua kwa amri, na Sembène hajaweka neno hata moja la kukuelezea hilo, anakuachia uone.

Kingine kinachoniuma ni barua. Inafika barua kutoka kwa mama yake, imeandikwa na mtu wa mtaani anayewaandikia wasiojua kusoma (na huyo mtu anaigizwa na Sembène mwenyewe, na kiko chake mdomoni). Diouana hawezi kuisoma, kwa hiyo Monsieur, mume wa Madame, ndo anamsomea, bosi anamsomea maneno ya mama yake mzazi. Mama analalamika kwamba mtoto kakaa kimya, hatumi chochote. Alafu Monsieur, kwa nia njema kabisa, anachukua kalamu anaanza kumwandikia jibu, anaandika anavyoona yeye, mama mimi niko salama, wananitunza vizuri, maneno ya namna hiyo, anamwangalia Diouana athibitishe. Diouana ananyamaza. Alafu anaichana ile barua vipandevipande. Ukiitazama haraka utadhani kamkasirikia mama yake. Lakini fikiria, ule ndo uzi wa mwisho uliobaki wa kusema "leo kaniudhi", na aliyeushika ni yule anayemuudhi. Hapo ndo unaelewa kwamba hana tena mtu wa kumwambia.

Nadhani Sembène aliweza kuiona hiyo kwa sababu aliishi upande huo. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akavuka kwenda Ufaransa akawa kuli bandarini Marseille, akaumia mgongo kwa kazi, akaingia chama cha wafanyakazi. Alianza kama mwandishi wa vitabu, alafu akaona wale anaowaandikia hawajui kusoma Kifaransa, kwa hiyo akiwa mtu mzima kabisa akaenda Moscow kujifunza filamu. Yani mtu aliyeingia kwenye filamu kwa sababu watu wake hawawezi kusoma ndo anatengeneza seni ya binti anayesomewa barua na bosi wake. Na tofauti yake na Diouana ni ndogo ila ni kubwa: kuli wa bandarini anafanya kazi na makuli wenzake mia, ana baa, ana mkutano wa chama, ana jioni. Dada wa ndani yuko peke yake.

Niseme pia kuhusu jina la muvi maana Kiswahili kinalibeba vizuri kuliko Kiingereza. Waingereza walipolitafsiri walisema tu binti mweusi, wakakata ile "de" na vile vinukta vitatu. Sisi tungesema "Mweusi wa...". Na hiyo "wa" yetu inafanya kazi mbili kama yao: Diouana wa Dakar, anapotoka, na Diouana wa Madame, mwenye naye. Vile vinukta ndo swali la muvi nzima, wa wapi, au wa nani? Akiwa kwao alikuwa wa Dakar. Akivuka anakuwa wa fulani. Sikiliza hata sisi tunavyoongea, "yule binti wa kwa mama nanii", hatusemi anatoka wapi, tunasema yuko kwa nani.

Na hapa ndo naomba tuache kuiangalia hii muvi kama mashtaka ya wazungu peke yao. Nyumbani kwetu Dar tulikuwa na dada kutoka Iringa, alikaa na sisi miaka sita, alinivusha barabara kwenda shule, alinipikia uji, nikiumwa usiku ndo alikuwa anaamka. Sisi wote tulimwita dada. Mama alimwita dada, baba alimwita dada, wageni walimwita dada, na mi niliona hiyo ni heshima, kwa sababu kweli dada ni neno la heshima na la undugu. Siku anarudi kwao tulimsindikiza stendi Ubungo, mi nimebeba begi lake, karani wa tiketi akauliza jina la abiria. Mama akataja la kwanza. Karani akasema la pili? Mama akanyamaza, akageuka, na dada akalitaja mwenyewe kwa sauti ndogo. Miaka sita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sijasahau ile sekunde mama alivyogeuka. Mama yangu ni mtu mwema, nasema hili kwa moyo wangu wote, hakuwahi kumpiga wala kumtukana, mshahara alimpa. Lakini dada alilala chumba cha stoo na magunia ya mchele, alikula jikoni baada yetu, na sijui jioni zake zilienda wapi maana saa mbili usiku alikuwa bado anaosha vyombo vyetu, na sisi tupo sebuleni tunaangalia tamthilia.

Tofauti yake na Diouana? Jumapili alikuwa anaenda kanisani na huko alikutana na wenzake kutoka kwao, waliongea Kihehe, alikuwa akirudi uso umechangamka. Hiyo Jumapili ndo ilikuwa mlango wake. Iringa ni safari ya basi ya siku moja, angeweza kusema mama mi nimechoka naenda kwetu, na kweli siku moja akasema, akaenda. Hakuna aliyekuwa ameshika karatasi yake.

Kule Ghuba, yani Arabuni, ndo karatasi inashikwa. Wanaojua huu mfumo wanauita kafala, yani kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa kafili, bosi aliyekuleta, na ukitoka kwake bila ruhusa unahesabika umetoroka hata kama umekimbia kipigo. Dada zetu waliopo kule wana maneno yao, kadama na shagala (mfanyakazi wa ndani), ajenti, maktab (ofisi ya ajenti), ikama (kibali cha kukaa), na ukiwasikiliza wanavyoyatumia utajua maisha yao yote yamejaa ndani ya hayo maneno machache. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Emirati, na mambo yaliyoelezwa humo ni pasipoti kuchukuliwa, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, na wengine kufanya kazi mpaka saa 21 kwa siku bila pumziko wala siku ya mapumziko. Saa 21. Zimebaki tatu, na hizo tatu unalala. Saudi Arabia walipofanya marekebisho mwaka 2021 ya kumruhusu mfanyakazi wa kigeni kuhama mwajiri, wafanyakazi wa ndani waliachwa nje ya marekebisho hayo.

Kuhusu Oman kuna jambo ambalo sioni likisemwa na kwangu lina uzito wa pekee. Muscat kuna watu wengi wanaoongea Kiswahili, waliozaliwa Zanzibar au bara na kurudi huko baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kuingia mwaka 1970 akawaita nyumbani, na watoto wao. Kwa hiyo binti kutoka Tanga au Singida anaweza kufika akamkuta bosi anamwambia karibu mwanangu, kwa Kiswahili kizuri kuliko chake. Wapo waliotendewa vizuri sana na familia hizo, nawajua, wanapigiana simu mpaka leo. Lakini wapo pia waliofokewa kwa Kiswahili hichohicho. Nilikuwa nadhani lugha ikiwa moja tabaka linapungua makali, na muvi ya Sembène imenisaidia kuona sio hivyo. Diouana anaelewa Kifaransa, kila neno la Madame linamfikia, na hata mawazo yake ndani ya muvi tunayasikia kwa Kifaransa. Kuna chakula cha mchana, wageni wamekuja, amewapikia wali wa kwao, mgeni mmoja anainuka anambusu mashavuni anasema hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, wengine wanamjadili yeye akiwa palepale amesimama kana kwamba hasikii. Na anasikia yote. Kama asingeelewa labda ingemuuma kidogo tu. Lugha moja bila mlango wa kutokea inamfanya ayasikie matusi vizuri zaidi.

Sasa kuna wale watakaosema, na wanasema kila siku kila ikitoka video ya binti analia akiwa Arabuni, si mliambiwa? Si mliona wenzenu? Mlifuata hela wenyewe. Hata Diouana aliambiwa, yule kijana wake hakuifurahia ile safari kabisa, hakumpongeza. Na alienda. Lakini angalia Sembène alivyoiweka ile furaha, hakuidharau hata kidogo, anamwacha binti aruke, acheke, awe mzuri, kwa sababu kutaka kuiona nchi nyingine sio kosa. Watoto wa wenye nazo wanapanda ndege kila siku kwenda kuona dunia na hakuna anayewauliza mlifuata nini. Binti wa Mbagala akitaka hivyohivyo tunamwita mwenye tamaa. Na kuhusu hela, nyumba nyingi nazijua zimepauliwa na hela ya Muscat na Riyadh, kuna wadogo zao wamesoma kwa hiyo hela, mi siwezi kusimama hapa nimwambie mtu asiende wakati sina kazi ya kumpa. Wanaosema wafungiwe wasiende kabisa nao siwaelewi, maana ukifunga njia ya wazi wanapita ya panya, na huko hata jina lake halijulikani aliko.

Ninachodai ni jioni, na sio mimi niliyeigundua. Tarehe 16 Juni 2011, miaka 45 baada ya muvi, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa ndani. Wenye haraka wanauruka, mi niliusoma taratibu na nikifika kifungu cha 9 nilisimama. Kinasema mfanyakazi wa ndani halazimiki kubaki kwenye nyumba ya mwajiri wakati wa mapumziko yake ya siku, ya wiki au likizo, na kwamba ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Kifungu cha 10 kinaongeza mapumziko ya wiki ya angalau saa 24 mfululizo. Yani watu walikaa Geneva na makaratasi yao wakaandika kitu kilekile Diouana alichokuwa anakivalia gauni kila asubuhi: ruhusa ya kutoka nje. Hiyo ndo ingekuwa ya kwanza kwenye mkataba wa kila binti anayepita kwa ajenti, kabla hata ya mshahara. Simu akae nayo, pasipoti akae nayo, na siku moja kwa wiki atoke getini akae na Watanzania wenzake mahali, bosi hayupo. Mabosi wengi watasema watatoroka. Kama mtu akifunguliwa geti anatoroka basi tatizo limeshajulikana liko ndani ya geti.

Na sisi wenye dada majumbani nasi tusome hicho kifungu cha 9 tukiwa tumesimama jikoni kwetu.

Mwisho wa muvi Monsieur anapanda safari kwenda Dakar na sanduku la nguo za marehemu, na kinyago ambacho Diouana aliwapa zawadi alipoanza kazi, na mshahara wake uliobaki. Anafika uswahilini, anaonyeshwa mama, anamnyooshea zile noti. Mama hazipokei. Haongei, hapigi kelele, anakataa tu, anaondoka. Nimesikia mtu akisema huo ni ujinga, hela ya mtoto wake kaiacha kwa nini wakati ana shida. Nilifikiri sana juu ya hilo. Kupokea kungemaanisha hesabu imefungwa, kazi ilifanyika, malipo yametolewa, kila mtu aende zake. Mama hakuwa tayari hesabu ifungwe. Alafu mtoto mmoja mdogo wa hapo mtaani anavaa kile kinyago usoni anaanza kumfuata Monsieur nyumanyuma vichochoroni, Monsieur anaongeza mwendo, anageuka, anaongeza mwendo, mpaka anafika kwenye gari. Ni mara ya kwanza ndani ya muvi yeye ndo anatafuta njia ya kutokea.

Jirani yetu mmoja amerudi mwaka juzi baada ya miaka miwili Ghuba. Nchi sitaitaja. Alirudi na mablanketi mawili makubwa, manukato, na begi la nguo za mtoto aliyemwacha na miaka mitatu, nguo zote zimekuwa ndogo. Anasema kutoka dirisha la jikoni alikuwa anaiona bahari, kila siku, na hajawahi kuigusa. Wiki za mwanzo saa kumi na mbili jioni alikuwa anatoka nje anakaa barazani, hana simu mkononi, hasuki, hachambui mchele, amekaa tu anaangalia watu wanapita wanarudi kutoka kazini, watoto wanacheza, muuza mihogo anapita. Mama yake akadhani mwanae ana tatizo. Nikapita nikamsalimia, nikamuuliza mbona umekaa peke yako dada, akaniambia nimekaa tu, alafu akarudia tena, nimekaa tu, kama mtu anaonja neno. Ndani mama yake akaita jina lake, wala sio kwa ukali, alitaka amletee kibiriti, na kabla jina halijaisha yeye alikuwa ameshasimama wima, mikono ameikunja mbele.